Watatu Juu ya Gogo

Nitawapa kisa hiki mnisaidie, maana kilivuruga ujirani hadi leo.

Huko milimani Usambara waliishi majirani watatu. Shemweta alikuwa pande la mtu. Akiketi, kiti kinalia. Kihiyo alikuwa seremala. Akilitazama gogo anajua litavunjikia wapi. Mkunde, mshona nguo, alikuwa mwembamba kama unyasi, na watu walidhani hajui woga.

Siku ya mvua kubwa, ng'ambo ya korongo ilimeguka. Gogo la kuvukia likabaki limelalia jabali la upande huu tu. Kwenye ncha yake, juu ya maji yanayonguruma, alikuwa Nakiete na kichanga chake mgongoni. Ncha ikaanza kuinama, mkia wake huku nyuma ya jabali ukainuka.

Shemweta akaurukia mkia.

"Usiende nyuma!" Kihiyo akapiga kelele. "Kumeliwa na mchwa, hakutakubeba! Kaa hapo karibu na jabali!"

Akakaa. Gogo likapunguza kuinama, lakini halikukoma.

Kihiyo naye akapanda, akaketi katikati ya mkia. Likapunguza tena. Bado linashuka.

Mkunde akatazama pale palipobaki, mwisho kabisa, mti unamong'onyoka. Akarudi hatua moja. Kisha akawapita akitambaa, akalala kifudifudi. Mti ukalia chini yake. Gogo likatulia tuli.

"Njoo, mama," akasema. "Taratibu."

"Msiondoke!"

"Hatuondoki."

Nakiete akatambaa hadi akashika ardhi.

Kichanga kilikuwa hakijapewa jina. "Aliyetuokoa ndiye ampe jina," Nakiete akasema, "nalo ni moja."

Shemweta alitaka jina la marehemu mama yake. Kihiyo alitaka la binti aliyemzika masika yale. Mkunde, ambaye mimba zake zote zilitoka, alitaka lake.

"Uzito mkubwa ulikuwa wangu," akasema Shemweta.

"Uzito huo ulikaa karibu na jabali, haukufika mbali," Mkunde akajibu. "Nilipolala mimi ndipo likatulia."

Kihiyo akaweka ubao juu ya kigingi, na jiwe zito upande mmoja. Upande wa pili akapanga jiwe kubwa karibu na kigingi, la wastani katikati, dogo mwishoni. Ubao ukatulia. Akaondoa kubwa: ukainama. Akalirudisha, akaondoa dogo: vilevile. La wastani: vilevile.

"Tulihitajika sawasawa," akasema.

Mkunde akalia. Hakutaka usawa, alitaka asikie mtoto akiitwa Mkunde. Wanaume nao wakaondoka bila kuagana.

Mtoto sasa anatambaa, na mama yake bado anamwita "mwanangu" tu.

Haya, ungekuwa wewe Nakiete, ungempa mtoto jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?