Kwa Nini Bibi Humwita Mjukuu Mume Wangu

Sogeeni, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Hapo kale, kabla ya babu za babu zenu kuota meno, bibi na mjukuu waliheshimiana kama watu waliokutana njiani. Bibi alisalimiwa, akaitikia, mjukuu akaenda zake. Hakuna bibi aliyemwita mjukuu wake mume, wala babu aliyemwambia mjukuu wa kike ampakulie kwa kuwa ni mkewe. Mtu angesema hivyo wangemtafutia mganga.

Siku hizo, katika kijiji cha Vughonde huko milimani, kila umri ulikuwa na namna yake ya kubeba shida. Watoto walilia kwa nguvu zao zote, wakanyamaza, kisha shida yenyewe wakaifanya mchezo. Mvua ikibomoa nyumba leo, kesho utawakuta wanacheza kubomokewa na nyumba. Vijana walikasirika, wakapiga mawe mateke na kutafuta mtu wa kugombana naye, na vidole vyao vya miguu vilikuwa vimevimba mwaka mzima. Wazee walikaa juani wakikumbushana njaa na mafuriko ya enzi zao, kila mmoja akidai ya kwake ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi, mwisho wakaishia kucheka. Watu wa makamo wao walinuna tu. Walilima wamenuna, wakala wamenuna, wakalala wamenuna.

Bahati mbaya watu wa makamo ndio walioshika mamlaka, kama ilivyo hadi leo. Waliona kilio cha watoto ni utovu wa adabu na vicheko vya wazee ni dharau kwa waliofikwa. Basi wakaweka mwiko: shida ikiingia kijijini, asiwepo wa kulia, wa kuimba wala wa kucheka, mkubwa kwa mdogo, mpaka shida itoke.

Nakijwa alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono mwiko huo, na alijiona amefanya jambo la maana. Mumewe, Mbonea, ndiye aliyesimamia mfereji wa kijiji. Nyumbani kwao waliishi na mtoto wao Kiangi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, pamoja na mama yake Mbonea, Bibi Nanzia, ambaye meno yake yalikuwa yameng'oka siku nyingi.

Mfereji ule ulitoa maji mtoni, ukazunguka mlima, ukafika kwenye korongo. Hapo maji yalivuka juu ya gogo kubwa lililochongwa katikati, ambalo watu waliliita mlizamu, yakaingia mashambani ng'ambo ya pili. Masika ya mwaka mmoja mafuriko yakaubeba mlizamu yakaenda nao bondeni. Kisha mvua, baada ya kuharibu, ikakatika mapema. Maharage yakaanza kunyauka, mahindi yakajikunja majani. Shida ilikuwa imeingia, na mwiko ukaanza kazi.

Wanakijiji walikata mti, wakauchonga, wakaufunga kamba na kuuvuta kuvuka korongo. Ukaanguka. Wakakata mwingine, nao ukaanguka. Hakuna aliyeuliza kosa liko wapi, maana kila mtu alikuwa amefunga mdomo kwa heshima ya shida. Ukabaki mti mmoja tu mnene wa kufaa kazi hiyo. Mbonea alirudi nyumbani jioni ile akamwambia mkewe, "Mama Kiangi, huu nao ukianguka tunahama."

Nakijwa alichochea moto. Alizaliwa Vughonde, akaolewa Vughonde, na hakujua pengine pa kwenda. Lakini kulikuwa na jambo lililomtisha kuliko kuhama. Kiangi alikuwa ameacha kusema. Mwanzoni mama yake alimsifu, akamwambia sasa umekuwa mtu mzima. Halafu mtoto akaacha kula. Siku hiyo Nakijwa alipomshika mkono kumnawisha aliona mfupa umekuwa mwepesi kama ufito, na hofu ikamwingia. Alitamani kumwambia lia mwanangu, lakini mwiko ule alikuwa ameukubali kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu.

Walipokaa kula, Kiangi akasukuma bakuli lake pembeni. Bibi Nanzia, ambaye naye alikuwa amekaa kimya siku zote hizo kama mgeni katika nyumba ya mwanawe, alilitazama bakuli, akamtazama mtoto, akasonya.

"Kumbe nimeolewa na mwanamume wa namna gani huyu?" alisema. "Napika siku nzima, ananisusia chakula."

Kiangi alitazama nyuma yake kuona anayesemwa ni nani.

"Ni wewe. Kwani kuna mwanamume mwingine hapa mwenye mapengo kama yangu? Tumefanana, ndiyo maana wakatuoza. Sasa usipokula, nafunga mizigo yangu narudi kwetu."

Nakijwa alishika mwiko wa ugali bila kupakua. Mtoto alifikiri, ikatoka sauti iliyokuwa imekauka kwa kutotumika.

"Huko kwenu utatafuna nini?"

Bibi Nanzia akacheka hadi kanga ikamdondoka begani. Mbonea akakunja uso. "Mama," alisema, "kuna mwiko."

"Nyamaza, uko mbele ya mume wangu. Na kama ni mume wangu, basi kwako ni baba. Mwamkie."

Mbonea alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, asipate msaada popote. Mama akisema amkia, mtu mwenye adabu zake huamkia. Akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba."

Kiangi alicheka akapaliwa, na alipopata pumzi akavuta bakuli. Nakijwa aliingia ndani akajifanya anatafuta chumvi, kumbe analia. Alikuwa akilia kwa furaha, na hakujali tena mwiko unasemaje.

Asubuhi kijiji kizima kilikusanyika korongoni. Waliokuwa ng'ambo walivuta kamba, waliokuwa huku walisukuma, na Nakijwa alikuwa miongoni mwa waliosukuma. Kwa kuwa kuimba kulikatazwa, walipeana ishara kwa kukonyezana. Sasa niambieni, nani anaweza kuona kope za mtu aliye ng'ambo ya korongo? Huyu alivuta wakati yule anapumzika, yule akavuta wakati huyu anatema mate mikononi. Gogo lilifika katikati likaanza kuyumba.

Bibi Nanzia na Kiangi walikuwa wamesimama ukingoni, wanagombana. Bibi alikuwa anadai hajaoga tangu mfereji uharibike na mume wake hana habari. Mtoto akaona aibu ya kusemwa mbele ya watu, akaweka mikono kiunoni na kuuliza kwa nguvu, "Nani amemnyima mke wangu maji?"

Watu waliganda. Wachache walibana pua wasicheke, na macho yote yakamgeukia Mbonea, aliyekuwa ng'ambo ameshika kamba ya mbele. Nakijwa aliona gogo linaelemea upande. Aliona pia kwamba kila mtu, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, alikuwa amesimama akisubiri jambo lilelile.

"Gogo!" akajibu Nakijwa, akasukuma.

"Nani?" akauliza Kiangi, aliyekuwa ameanza kunogewa.

"Gogo!" wakajibu waliokuwa huku, na vijana wa ng'ambo, ambao walikuwa na hasira za kutosha na hawakuwa na pa kuzipeleka, wakavuta kwa pamoja. Gogo likasogea.

Mtoto akauliza tena na tena, nani kamnyima mke wangu maji, nani kamfanya anuke, na bibi akawa anaongeza maneno mengine ambayo siwezi kuyasema mbele yenu. Kila alipouliza watu walijibu, na kila walipojibu walivuta. Mbonea naye alijibu, akiwa bado amenuna. Jua lilipokuwa utosini mlizamu ulikuwa umekaa mahali pake, na kabla halijashuka maji yalikuwa yanaingia kwenye maharage.

Baadaye watu wa makamo walikutana kuufuta mwiko wao, na walinuna hata wakati wa kuufuta. Mbonea alijaribu kumtania mwanawe kama bibi alivyofanya. Kiangi alimsikiliza kwa makini, halafu akamuuliza kama anaumwa. Basi ikaonekana kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Mwenye umri wa kununa anune na avute kamba, kijana aishike kamba pamoja na hasira zake, lakini mkubwa kabisa na mdogo kabisa waachiwe ndoa yao.

Na tangu siku hiyo bibi humwita mjukuu mume wangu, babu humwita mjukuu mke wangu, na baba mzima na ndevu zake humwita mtoto wake baba, wala haoni haya. Kwa hiyo ukipita kwenye nyumba iliyofikwa na shida, ukamsikia ajuza akimgombeza kitoto kwa kumnyima kanga ya sikukuu, usisimame kuwaamua. Mama mtu yuko jikoni, hajala tangu asubuhi, ametega sikio. Akisikia mtoto amejibu, ndipo naye anapochukua sahani akajipakulia.