Gari Lililoandikwa Sikujua

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, magari yalipokwisha kujaa barabarani, waliishi Handeni mume na mke, Mhando na Zaina. Walikuwa na binti mmoja. Zaina alikaa na mimba yake bila kujua mpaka mwezi wa tano, ndiyo maana mtoto akaitwa Sikujua.

Mtoto alipokuwa na miaka minne, Zaina alikwenda naye mnadani. Mvua ikashuka ghafla. Watu wakakimbia, mbuzi wakakimbia, na Zaina akauachia mkono wa mwanawe ili aokote mzigo ulioanguka. Alipoinuka, mtoto hayupo. Walimtafuta mnadani, hayupo. Walimtafuta vijijini, hayupo. Walimtafuta hospitalini, hayupo.

Miaka ikapita. Mhando alikuwa na pikapu ya kubebea machungwa. Zaina akamwambia aombe kibao cha jina badala ya kile cha namba, kiandikwe SIKUJUA. Mhando akakataa. Vibao vya majina ni vya matajiri, alisema, watu watawacheka.

"Wacheke," Zaina alisema. "Anayecheka amesoma. Aliyesoma atasimulia."

Akauza bangili zake za harusi, kibao kikafungwa.

Tangu hapo Mhando hakutulia. Akiwa Singida, anaitaka Mbeya. Akifika Mbeya, anaitaka Tabora. Alilala ndani ya gari, alikula amesimama. Na kila mji ulilisoma jina lile kivyake. Wengine walisema huyu hakujua kama angetajirika. Wengine walisema mke kamtoroka. Trafiki mmoja alimuuliza hakujua nini. Mhando alikuwa akiwatazama watoto wanaovuka barabara.

Huko Manyoni, kando ya barabara kuu, aliishi mwanamke mwuza asali, Nyemo, ambaye hakujaliwa kuzaa. Siku ile ya mvua, lori lililopeleka mbuzi mnadani lilirudi Manyoni tupu, na chini ya turubai dereva akakuta mtoto amelala, akamwacha kwa Nyemo. Dereva alikuwa amesimama njiani mara nyingi, hakujua mtoto alipandia wapi, na mtoto hakujua kwao ni wapi. Alijua jina lake tu. Nyemo aliripoti polisi, akasubiri, hakuja mtu, akamlea. Ndugu zake walitaka mtoto apewe jina la Kigogo. Nyemo akakataa.

Siku moja akaiona pikapu. Akakisoma kibao. Akaingia ndani, akafunga mlango, gari likapita.

Tangu hapo naye hakutulia. Gari likinguruma, anachungulia. Mwaka uliofuata pikapu ilipita tena, na Nyemo akasimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza.

"Sikujua ni nani kwako?" aliuliza.

"Ni mwanangu," Mhando akajibu.

"Basi shuka. Yuko shuleni."

Binti akarudi Handeni, lakini kila likizo alikwenda Manyoni. Huku aliwaza kule, kule aliwaza huku. Akakua, akachumbiwa. Washenga wakaleta mahari, na juu yake mkaja, kitenge cha kumshukuru mama. Wakampa binti amkabidhi mama yake, wakaita, "Mama Sikujua." Wanawake wawili wakaitika.

"Nilimzaa mimi," Zaina alisema. "Bila kibao changu, nani angejua kuna mzazi anayetafuta?"

"Nilimlea mimi," Nyemo alisema. "Ningelibadili jina lake, kibao chako kingepita kama vibao vingine. Na gari nililisimamisha mwenyewe, nikijua linanichukulia mwanangu."

"Ulilisimamisha mara ya pili. Ya kwanza ulijificha, umetueleza mwenyewe."

"Nilijificha, dada. Na wewe pale mnadani, uliokota nini ulipomwachia mkono?"



Washenga wakasema wataongeza kitenge kingine. Wote wawili wakakataa. Hakuna aliyetaka kuwa mama wa pili. Akaulizwa Mhando. Alitoka nje, akawasha gari, akalizima, akaliwasha tena. Sikujua akabaki amesimama katikati ya mkeka, kitenge mikononi, wote wakimtazama.

Nanyi mnaosikiliza, msitazame chini. Mngekuwa mmesimama juu ya mkeka ule, mngenyoosha mkono upande gani? Je, nani alistahili mkaja?