Kiti cha Dirishani na Randa ya Fundi Hatibu

Hapo zamani, na si zamani sana, maana misumeno ya siku zile bado inakata, palikuwa na karakana ndogo ya kutengeneza samani mbovu. Si ya kuunda vitu vipya, jamani, ni ya kufufua vilivyokwisha. Kitanda kilichovunjika siku ya pili ya harusi kilikwenda pale. Kabati lililogoma kufunguka lilikwenda pale. Na kila kilichokwenda kilirudi kwa mwenyewe kikiwa kizima, au angalau kikiwa na adabu.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke, jina lake Siwema. Alikuwa na wenzake wawili. Mshamu alikuwa fundi wa kusuka kamba za vitanda na viti, na hakutupa kitu: kipande cha kamba aliweka, msumari uliopinda aliweka, mpaka Siwema akawa anaruka takataka zake kufika mlangoni. Ngwali alikuwa mpiga msasa na mpakaji vanishi. Huyo alikuwa mvivu wa kuzaliwa. Akiona kivuli tu, alijilaza.

Karakana ilikuwa na sharti moja. Kiti kikishatengenezwa, huwekewa kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni, kisha hutikiswa. Kahawa ikimwagika, kazi inarudiwa. Isipomwagika, wanainywa.

Sasa sikilizeni. Katika mji huo alikuwapo Fundi Hatibu, fundi wa mafundi, na randa yake ya kulainishia mbao ilijulikana kuliko jina lake. Siwema alipokuwa msichana alikwenda kumwomba amfundishe kazi. Hatibu akacheka. "Rudi jikoni, binti. Randa si mwiko wa kusongea ugali." Siwema hakurudi jikoni. Alijifunza kwa kuchungulia ufa wa ukuta wa Hatibu, miaka minne, jicho moja. Na miaka yote hiyo aliitamani ile randa kama mtu anavyotamani maji.

Hatibu akafariki. Kwenye matanga, shemeji yake, mtu wa kilo zake, alikitoa nje uani kile kiti cha dirishani, walichozoea kukikalia kwa zamu marehemu na mkewe. Akakikalia. Mguu ukasema kwaa, ukavunjika! Shemeji chini, kiti chini, sahani ya pilau chini.

Tangu siku hiyo Bi Mashavu, mjane wa Hatibu, alikaa kwenye mkeka chumba cha ndani. Hakwenda tena dirishani. Wapita njia wakakosa salamu zake, wakasikitika. Mafundi waliokiona kile kiti walimwambia, "Bibi, hizo ni kuni."

Basi Bi Mashavu akamwita Siwema. "Mwanangu, nirudishie kiti changu dirishani. Atakayekirudisha nitampa randa ya marehemu. Mmoja tu, maana randa haishikwi na watu watatu."

Siwema hakungoja. Alikibeba kile kiti mwenyewe, kichwani.

Akaupima ule mguu uliovunjika, akaona ni mfupi kuliko mitatu mingine kwa upana wa kidole. Akasema, "Mchwa wameula." Akachonga mguu mpya, sawa kabisa na mitatu, siku tisa. Mshamu akasuka kiti upya kwa kamba ya mkonge. Ngwali akapiga msasa, akapaka vanishi, akalala, akaamka, akapaka tena. Wakaweka kahawa, wakatikisa. Haikumwagika hata tone. Wakainywa.

"Choma huu mguu wa zamani," Siwema akamwambia Mshamu.

"Ndiyo, dada," akasema Mshamu. Akavifunga kamba vipande vyote viwili vya mguu, akavificha chini ya meza.

Wakakipeleka kiti kwa Bi Mashavu, wakakiweka mahali pake dirishani, wakaweka kikombe. Kiti kikayumba. Kahawa ikamwagika yote.

Bi Mashavu akatazama, machozi yakamlengalenga. "Hiki si kiti cha mume wangu. Chake hakikuyumba miaka arobaini. Nendeni nacho." Akageuka kurudi kwenye mkeka wake.

Siwema aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na Ngwali je? Ngwali alikuwa amekwisha kujilaza sakafuni, maana saruji ilikuwa ya baridi.

"Dada Siwema," akasema kutoka kule chini, "kiti hakina kosa. Hapa chini ya mguu mpya pana kinundu. Sakafu ndiyo mbovu."

Bi Mashavu akasimama. "Sakafu hiyo aliimwaga Hatibu mwenyewe, mwaka tuliooana. Alisema hakuna iliyonyooka kama hiyo mji mzima!"

Mshamu akatoka mbio, akarudi na ule mguu wa zamani. Wakaunganisha vipande, wakatazama ncha yake ya chini. Wapi mchwa! Mguu ulikuwa umekatwa kwa msumeno, mkato safi wa fundi. Hatibu alikosea sakafu, akaona haya kusema, akaukata mguu wa kiti chake.

"Ndiyo maana hakutaka kisogezwe!" Bi Mashavu alicheka, akashika mbavu, akacheka tena. "Mwongo mkubwa we! Miaka arobaini!" Hakuwa amecheka tangu matanga.

Lakini kiti kilikuwa bado kinayumba. Siwema akauweka mguu wa zamani kando ya ule mpya, akapiga alama, akachukua msumeno. Hapo mkono ukasita. Kazi yake ilikuwa haina dosari, na alipaswa kuitia dosari kwa mkono wake. Iliuma. Akakata.

Wakajaza kikombe, wakatikisa. Hata tone. Bi Mashavu akainywa kahawa mwenyewe, amekaa dirishani, na wa kwanza kupita njia alisalimiwa mpaka akasahau anakokwenda.

Ndipo bibi akaileta randa, akaiweka mezani.

"Ni yangu," akasema Siwema. "Wote walisema ni kuni, mimi nikasema ni kiti. Nimechonga mguu, kisha nimeikata kazi yangu mwenyewe. Nani kati yenu amewahi?"

"Ni yangu," akasema Mshamu. "Ningekutii wewe, mguu ungekuwa majivu, na siri ya Hatibu nayo. Ungekata wapi?"

"Ni yangu," akasema Ngwali, bado amelala. "Nyinyi mlitazama kiti. Mimi nilitazama kinapokaa."

Bi Mashavu akawatazama mmoja mmoja. "Mimi sijui," akasema. "Fikirini, mnijie na jibu. Nami sifi mpaka nilipate."

Basi randa ipo pale mezani mpaka leo, kila wiki mmoja wao huenda kuipaka mafuta isishike kutu, na bibi huwaongezea kahawa. Siwema, zamu yake ikifika, huishika muda mrefu kidogo kuliko wenzake, kisha huirudisha. Hakuna aliye na haraka ya jibu.

Ila nyinyi mliosikiliza msione haya kusema. Aliyeuchonga mguu akaukata, aliyeuficha usichomwe, na aliyejilaza akaiona sakafu: je, ni nani aliyekirudisha kiti dirishani, randa iwe yake?