Mashuka ya Bi Mwatime

Bwana Shekilindi, mwenye kiwanda cha sabuni, alichoresha tangazo kwenye ukuta wa Bi Mwatime bila hata kupiga hodi: NYUMBA HII HUFUA KWA NG'ARISHA.

"Mimi sabuni ya mche inanitosha," Bi Mwatime akalalamika. "Basi unilipe kodi ya ukuta."

Shekilindi akacheka. "Hata wapita njia hawaihitaji Ng'arisha. Lakini mtu akikiona kitu kila siku, mwishowe hukinunua tu."

"Kumbe!" akasema Bi Mwatime, akaingia ndani.

Kesho yake, chini ya tangazo, kamba ilijaa mashuka meusi tii kwa oili chafu. Watu wakasoma ukuta, wakatazama kamba, wakavunjika mbavu. Shekilindi aliyakuta kila asubuhi akienda kiwandani. Siku ya tano akasimamisha gari.

"Yafue haya!"

"Ndiyo nimeshayafua, baba. Si unaona ukuta unavyosema?"

"Basi yaanue!"

"Nikajifunike nini?"

"Niuzie!"

Akayanunua kwa bei ya mapya. Alipokuwa akiyapakia garini akafoka, "Umeyatoa wapi matambara haya?"

"Gereji kwa shemeji. Walikuwa wanayatupa."

"Sasa mimi nimeyanunua ya nini?"

"Huyahitaji, baba. Ila umeyaona kila siku."