Kamba ya Kuku wa Chausiku

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mmeisikia leo dukani mkacheka, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Basi ilianza hivi, na mwanzoni ilikuwa habari ya kuku kweli.

Chausiku aliolewa mbali na kwao, akaja na mtetea mwekundu aliyepewa na mama yake. Mama mkwe wake, Bi Mwatatu, akamfunga yule kuku kamba mguuni mpaka azoee banda. Chausiku mwenyewe hakuzoea. Siku ya pili alichota maji ya kunywa katika kisima cha ng'ombe. Siku ya tatu akaanika mpunga kwenye uwanja wa watu. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Naye kuuliza hakutaka, asije akaonekana mgeni, kana kwamba kuna asiyejua! Aibu ikamzidi. Akafunga mzigo wake arudi kwao.

Asubuhi akamfungua kuku wake waondoke pamoja. Kuku kuona mguu mwepesi, huyo, akapotelea migombani! Kuiacha zawadi ya mama hakuweza, na vijia vya migombani hakuvijua. Ikabidi akapige hodi kwa walewale waliomcheka.

"Dada zangu, kuku wangu kapotea. Nisaidieni."

"Ana kamba?" aliuliza Mwanamosi, jirani yao.

"Nimemfungua."

"Loo! Mgeni hafunguliwi upesi hivyo!"

Wakaingia migombani wote. Wakiwa wanainama huku na huku, Mwanamosi akasema, "Kile kisima cha ng'ombe, hata mimi nilichota nilipoolewa. Tena nikampikia baba mkwe chai!"

Chausiku akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu aje hakuwa amecheka.

Kuku alikamatwa adhuhuri. Bi Mwatatu aliuona mzigo mlangoni. Akamfunga kuku tena, akanena, "Kamba si aibu, mwanangu. Mtu akimwona kuku njiani ana kamba, anajua ni mgeni, anamrudisha kwa wenyewe. Asiye na kamba nani atamrudisha?"

Chausiku akaurudisha mzigo chumbani, akatoka na mtungi.

"Mama," akauliza, "maji ya kunywa huku mnachota wapi?"

Ndiyo maana mpaka leo mgeni akikosea, wenyeji wanamwambia kwa upole, huku wakimshika mkono: kuku mgeni hakosi kamba mguuni.