Mizani Haioni Mgongo

"Mizani haioni mgongo." Mmeisikia leo kwa mganga wetu wa zahanati, mkatazamana kama kuku wageni, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, wanafunzi wangu wa uuguzi, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Baridi ya milima yetu haina adabu. Siku ya kliniki watoto huletwa wamevaa masweta mawili mawili. Sheria yataka mtoto avuliwe ndipo apimwe uzito, lakini foleni ni ndefu, mtoto analia, mama ananuna. Basi wauguzi wa zahanati hii wakajitungia njia yao: wanamning'iniza kwenye mizani na masweta yake, wanapunguza nusu kilo, wanaandika kwenye kadi, aje mwingine. Nesi Subilaga naye alifanya hivyo hivyo.

Asubuhi moja mzee Mwaisumo, mtu wa heshima zake, alimleta Lugano, mtoto wa miaka mitatu. Mama yake alikuwa kibaruani mashamba ya chai, akamwacha kwa huyo baba yake mdogo. Subilaga alimpima, akapunguza nusu kilo yake, alama ikaangukia kwenye kijani cha kadi, sehemu ya uzito mzuri.

"Mtoto mzuri," akasema, akarudisha kadi.

Mama Tusekile, mfagiaji wa zahanati, akamsogelea taratibu. "Nesi, ulipomshika kwapani alikunja uso, asilie. Mtoto wa umri huu akiumia asilie, yuko anayemkataza."

Subilaga alikereka. Yeye ndiye aliyesomea, na watu thelathini wanangoja. Lakini neno lile halikumtoka. Wakati huo Mwaisumo alikwisha fika mlangoni.

"Baba, samahani," akaita. "Nimekosea kupima. Naomba nimvue sweta."

"Umvue kwa baridi hii? Ile michubuko ni ya juzi tu, alianguka kwenye mparachichi."

"Sijauliza michubuko, baba."

Subilaga hakugomba wala hakupandisha sauti. Alimwomba mzee asubiri nje, akamvua mtoto polepole. Mgongoni palikuwa na alama za mkanda, nyingine zimekauka, nyingine mbichi. Anayeanguka mtini huanguka mara moja, jamani, haanguki kila wiki. Na mwezi uliotangulia alikuwa amempima mtoto huyu huyu, akaandika kijani.

"Nirudi?" Lugano akauliza.

"Leo hurudi, baba. Utakaa na mimi."

Akaandika alichokiona, akamwita mganga, na mganga akampigia simu afisa ustawi wa jamii. Mtoto hakutoka na Mwaisumo siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Siku ya tatu mama yake akafika, vumbi hadi kichwani. Alimkumbatia Subilaga akalia. "Asante kwa kumvua mwanangu sweta."

"Mshukuru huyu," Subilaga akasema, akamvuta Mama Tusekile na ufagio wake. "Mimi nilisoma mizani. Mizani haioni mgongo."

Mwezi uliofuata mama yule akarudi na jiko na gunia la mkaa kichwani, ili watoto wavuliwe pasipo baridi. Tangu hapo hajakosa mwaka hata mmoja kutuletea mkaa. Jiko lenyewe ndilo hilo mnalopashia mikono hapo dirishani, na kesho ni kliniki. Liwasheni mapema, muwavue watoto wote, hata foleni ifike barabarani. Mizani haioni mgongo.