King'ora cha Bwana Mtengeti

Nipeni masikio, nami nitawapa kisa chenye fundo. Kulifungua ni kazi yenu.

Katika shamba moja la mkonge aliishi Bi Mwantumu na wanawe watatu. Hoza, binti wa kwanza, alikuwa karani wa kiwanda. Namba ikipita machoni pake haisahau. Singano alitengeneza saa na redio gulioni. Mhina, kitinda mimba, alikuwa fundi umeme wa kiwanda, na hakuna waya uliomshinda.

Mama yao alilisha majani kwenye mashine ya kukamua mkonge, na zamu iliisha king'ora kilipolia. Ndani ya sanduku la king'ora mlikuwa na chipu ndogo kama ukucha, kazi yake kuhesabu kurudi nyuma. Unaipa namba, unaipa mapigo ya umeme, unaifungulia mlango, yaani njia ya umeme inayoiruhusu kuhesabu. Kila pigo linapunguza moja. Namba ikifika sifuri, king'ora kinalia.

Msimamizi, Bwana Mtengeti, aliipa chipu namba kubwa kuliko ya haki. Saa na simu ziliachwa getini, basi watu wakafanya kazi kupita muda wao bila kujua. Wakija wakaguzi, siku hiyo aliandika namba ya kweli, wakamsifu.

Jioni moja, katika muda ule wa wizi, Bi Mwantumu alisinzia kwa uchovu. Mashine ikamla mkono wa kulia. Alipotoka hospitali, Mtengeti alimzuia getini.

"Ulilala kazini, mama. King'ora changu hakidanganyi."

Bi Mwantumu hakulia. Hoza alipogundua wizi ule na kumweleza, mama alisema, "Sitaki pole zenu. Nataka king'ora hicho hicho kimuumbue mbele za watu."

Wakangoja. Ndipo ikaja habari kwamba mwenye shamba, Bi Sauda, anakuja kukagua kiwanda.

Hoza alikuwa ameviangalia vidole vya Mtengeti vikibonyeza vitufe hadi akaijua namba ya wizi. Alfajiri ya siku hiyo aliiandika yeye mwenyewe ndani ya chipu.

Singano alijua kwamba Mtengeti huzima sanduku kwanza ili kufuta namba ya zamani. Akapitishwa na Mhina usiku, akaficha humo betri na kijiwe cha ndani ya saa kinachotoa mapigo, ili sanduku likizimwa, chipu iendelee kuhesabu.

Na Mhina? Chipu ile haishiki namba mpya mpaka mlango wake ufungwe, kisha ufunguliwe tena. Akaufungua zamu ilipoanza, halafu akaukata waya wa kuufunga, ili usifungike tena.

Punde Mtengeti akaja, akazima, akawasha, akaandika namba ya haki. Akatoka anapiga mluzi.

Jioni Bi Sauda alisimama katikati ya kiwanda, saa mkononi. Muda ukafika. King'ora hakikulia. Mashine zikaendelea kunguruma.

"King'ora kiko wapi?" akauliza.

"Sasa hivi, mama. Sasa hivi kitalia."

Mtengeti akageuka. Akalikimbilia sanduku, akabonyeza kila kitufe, wapi! Wafanyakazi wakaacha kazi mmoja mmoja, wakamzunguka. Bi Mwantumu, aliyeingizwa na wanawe, akapenya katikati yao, akasimama mbele yake, akamkazia macho tu. Jua lilikuwa linazama king'ora kilipolia.

"Kila siku hulia saa hizi," Bi Mwantumu alimwambia Bi Sauda. "Muulize mkono wangu ulikatwa saa ngapi."

Mtengeti akapiga magoti, akakiri, na wale ndugu wakaeleza mtego wao. Bi Sauda akasema, "Aliyemnasa ndiye atakayetamka adhabu yake, nami nitaitimiza. Lakini ni mmoja tu."

"Ni mimi," alisema Hoza. "Bila namba yangu king'ora kingelia kwa haki. Aende jela."

"Bila mapigo yangu, namba yako ingekufa alipozima," alisema Singano. "Asimame kwenye mashine ile ile, kwa ujira ule ule, mpaka azeeke."

"Bila mlango wangu chipu ingeshika namba yake," alisema Mhina. "Nyumba aliyojenga apewe mama, naye aondoke na nguo za mwilini."

Wakamgeukia mama yao. Akatikisa kichwa. "Wote niliwanyonyesha. Msinichagulishe."

Mtengeti yuko bado magotini, anangoja. Haya, nyie mliosikia: nani kati ya hawa watatu ana haki ya kutamka? Ungekuwa wewe Bi Sauda, ungemwachia nani neno?